Mtoto mwenye MCADD akishikwa na mafua: hesabu saa kabla ya kupima joto

Kijana wetu ana miaka 4. Alizaliwa hapa Uingereza, na siku ya 5 mkunga alikuja nyumbani, akamtoboa kisigino na kukusanya matone ya damu kwenye karatasi. Siku chache baadaye tukapigiwa simu: ana MCADD, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuvunja aina fulani ya mafuta. Nilikuwa sijapata kulisikia jina hilo maishani. Nawaandikia wazazi wenzangu mlio ugenini, hasa mliotoka kupokea simu kama ile, kwa sababu karatasi tulizopewa zilikuwa nzuri lakini hazikumjua bibi wa Tanga, wala uji, wala saa zetu za Kiswahili. Nitafika kwenye saa, maana nusura zituponze.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mtu akikaa na njaa, mwili humaliza akiba ya sukari iliyo kwenye ini, kisha hugeukia mafuta. Mwenye MCADD amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachovunja mafuta ya mnyororo wa kati, yaani yenye molekuli za urefu wa kati. Kwa hiyo mafuta huanza kuvunjwa, halafu hukwama njiani. Nguvu haipatikani, sukari inashuka, na mabaki yaliyokwama yanaumiza ini na ubongo. Akiwa mzima na anakula vizuri humtofautishi na watoto wa jirani, anacheza mpira na kugombana na dada yake. Hatari huja akipata mafua, kwa sababu homa inakula nguvu nyingi saa ileile mtoto anayokataa chakula.

Ugonjwa huu hutokea baba na mama wakiwa wote wamebeba hitilafu ya jeni inayoleta upungufu huo bila kujua, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo hakuna upande wa ukoo wa kulaumiwa, na wala si jicho la mtu. Unaonekana zaidi kwa wenye asili ya Ulaya Kaskazini, na ndiyo maana utakutana na daktari atakayeshangaa kuuona kwa mtoto mweusi. Mwache ashangae, lakini asome barua ya dharura, ile ya kliniki inayoeleza mtoto atibiweje. Na kama mna watoto wakubwa waliozaliwa nyumbani ambako kipimo hiki cha kisigino si cha kawaida, ombeni nao wapimwe.

Saa ya mwisho kula

Kwa watoto wengine mzazi hushika kipaji, akatafuta kipimajoto. Kwa mtoto huyu swali la kwanza ni: alikula lini mara ya mwisho, na alishiba? Wengi waliozidi mwaka 1, wakiwa wazima, huambiwa wasipitishe muda wa saa 12 bila chakula, na wachanga muda wao ni mfupi zaidi. Wako ana kikomo chake, kimeandikwa na kliniki. Akiugua, kikomo hicho hakifai tena. Usihesabu kwamba bado ana saa tano mbele yake.

Sasa yaliyotukuta. Mama yangu alikuja kututembelea, akabaki na mtoto nikiwa zamu. Kijana alikuwa na kamasi na joto kidogo. Mume wangu alirudi saa tisa alasiri, akauliza amekula lini. Mama akamjibu, "Alikunywa uji saa moja, mwanangu, tangu hapo hataki." Mume wangu ni Mkenya lakini amekulia London, Kiswahili chake ni cha mezani, na saa anazihesabu Kizungu. Akaelewa saa saba mchana. Alipiga hesabu akapata saa mbili zimepita, akatulia. Ukweli zilikuwa saa nane, kwa mtoto mwenye homa. Niliporudi nilimkuta kwenye kochi, kichwa kimeinamia bega la bibi yake, macho nusu. Nilimwita jina, akafungua macho, akayafumba. Nikamwinua mkono, nikauachia, ukaanguka kama kitambaa.

Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Tangu siku ile mlango wa friji yetu una karatasi yenye safu mbili: saa ya ukutani, na saa ya Kiswahili pembeni yake, 07:00 na "saa moja asubuhi", 13:00 na "saa saba mchana". Anayemlisha anaandika pale pale, na kiasi alichokula: vijiko vitano, nusu kikombe, amekataa. Ukizungumza na hospitali, soma kutoka kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Kinywaji cha dharura

Kliniki itawapa unga wa glukosi wa pekee, mara nyingi kwenye pakiti zilizopimwa tayari, na karatasi inayoeleza nguvu ya mchanganyiko kwa umri wake. Utaratibu wa Uingereza ni asilimia 10 kwa aliye chini ya mwaka 1, asilimia 15 mwaka wa pili, asilimia 20 kuanzia miaka 2 hadi 10, na asilimia 25 akizidi hapo. Umri ukipanda, hakikisheni pakiti za zamani zimeondoka kabatini. Hupewa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Anza mapema, pale anapokataa mlo wa kwanza. Kinywaji alichopewa bure bila kuhitaji hakimdhuru kitu. Kilichocheleweshwa ndicho cha kuogopa.

Usiku ndio mgumu. Saa nane usiku kengele ya simu inalia, unakoroga unga kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, unamwinua mtoto, anasukuma kikombe, analia. Na bibi yupo mlangoni na kanga yake: "Jamani, mwacheni alale, usingizi ni dawa." Kwa watoto aliowalea yeye, ni kweli kabisa. Mimi nilikaa naye mchana, si usiku ule, nikamwambia: "Mama, huyu ni kama taa ya chemli. Mafuta mengine yapo kwenye chupa, lakini utambi wake hauyanyonyi. Tusipomtilia sisi, inazimika." Akaelewa. Sasa ndiye anayeniamsha mimi akiwa hapa.

Watu watakushauri maji ya chumvi na sukari tuliyolelewa nayo ya kuharisha, kwa kuwa nayo yana glukosi. Tofautisheni. Yale ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani yana gramu 13.5 za glukosi kwa lita nzima, yaani kikombe cha mililita 200 kina gramu 2.7 tu. Kikombe hichohicho cha kinywaji chake cha asilimia 20 kina gramu 40. Yale ni dawa ya kurudisha maji mwilini, hayawezi kumshikilia mtoto huyu. Limau na tangawizi vilevile: vinajaza tumbo dogo lililotakiwa kupokea sukari. Soda isiyo na sukari haina msaada wowote.

Na uji wa tui, ambao kwetu ndio chakula cha mgonjwa. Mafuta ya nazi yana sehemu ya mafuta yaleyale ya mnyororo wa kati anayoshindwa kuyavunja. Maziwa ya kopo na mafuta yanayouzwa kwa jina la MCT, kifupi cha mafuta hayo ya mnyororo wa kati, hayamfai kabisa, hata kama duka limeyapanga kwenye rafu ya afya. Kuhusu tui la kupikia, zungumza na mtaalamu wa lishe, na umwambie kiasi halisi: wali wa nazi mara ngapi kwa wiki, mbaazi, mahamri ya Jumapili. Yeye amezoea familia zinazonunua kopo moja la tui kwa mwezi. Usipomweleza, atajibu kwa kadiri ya anavyojua. Akiwa mgonjwa, mimi uji naupika kwa maji na sukari.

Dawa za homa hutumika kama kwa watoto wengine. Angalieni nguvu ya parasetamoli: ya wadogo hapa ni miligramu 120 kwa mililita 5, ya kuanzia miaka 6 ni miligramu 250 kwa mililita 5. Chupa mbili zenye sura moja, moja ya hapa na moja iliyokuja na mgeni, ni njia rahisi ya kumzidishia. Mara 4 kwa saa 24, si zaidi. Aspirini asipewe, na kumbukeni kuwa baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vya maumivu vinavyouzwa madukani kwetu vina aspirini ndani yake. Lakini joto likishuka kwa dawa na bado hataki kula, hujapata nafuu yoyote ya maana.

Wakati wa kwenda hospitali

Akitapika kinywaji, au akikikataa, au akiharisha sana, nendeni. Akilegea, akiwa mgumu kuamka, akisema maneno yasiyoeleweka, au akipata degedege, pigeni 999. Marekani na Kanada ni 911, na 112 hutumika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Ukipiga simu, neno la kwanza liwe jina la ugonjwa na kwamba mna barua ya dharura. "Mtoto ana homa" itakupeleka kwenye foleni ya homa.

Kuna jambo moja nataka mlishike vizuri. Sisi tulipofika hospitali siku ile walimpima sukari kidoleni, ikawa milimoli 4.8 kwa lita, wakatuambia tukae, sukari yake ni nzuri. Mtoto mwenye MCADD anaweza kuwa hatarini sukari ikiwa bado inasoma vizuri. Kushuka kwake ni dalili inayochelewa. Ketoni, yaani kemikali ambazo mwili hutengeneza unapovunja mafuta, kuwa chache kwenye mkojo pia si habari njema kwake, maana mwili wake hauzitengenezi kama inavyotakiwa. Ndiyo maana wengi tunaambiwa tusinunue kipimo cha sukari cha nyumbani: kinatuliza mzazi wakati asiotakiwa kutulia. Nilisimama dirishani na barua mkononi, nikamwonyesha muuguzi mstari unaosema asisubirishwe. Alisoma, akamwita daktari palepale. Kijana alitundikiwa dripu ya glukosi asilimia 10 yenye chumvi, na alfajiri aliomba mkate.

Chungeni na maneno. Ukiulizwa kama mtoto ana usingizi, usijibu tu "ndiyo, analala". Kwetu mtoto kulala ni heri. Eleza unachokiona: nimemwita mara tatu hajaitika, hashiki kikombe, hanitazami usoni. Weupe wa ngozi, ambao vitabu vyao vinausema, kwa mtoto wetu utafuteni kwenye midomo, ulimi, viganja na ndani ya kope. Kama Kiingereza hakitoshi, ombeni mkalimani. Hospitali za NHS, huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza, zinao kwa simu. Msimtume mtoto wa darasa la nne atafsiri habari za ndugu yake.

Kabla baridi haijaanza

Chanjo ya mafua ya msimu huanza kutolewa kwa watoto mwezi Septemba. Kuanzia miaka 2 hupuliziwa puani, na chanjo hiyo ina jelatini ya nguruwe. Kwa familia ya Kiislamu inayoona uzito, ipo ya sindano isiyo na jelatini hiyo. Iombeni kwa jina, msiondoke bila chanjo. Wa chini ya miaka 2, zungumza na daktari wenu mapema. Sisi watu wazima wa nyumba nasi tunachanjwa, kwa sababu mafua ya kwanza kila mwaka huletwa na mimi kutoka kazini. Chanjo yoyote ikimtia homa, pakiti zinafunguliwa vilevile.

Shuleni na kwenye madrasa peleka nakala ya barua na pakiti mbili. Mwalimu wa madrasa mweleze mapema habari ya Ramadhani: mtoto huyu hatafunga, wala hatafunga akibalehe, na asijaribiwe hata nusu siku ili kuzoeshwa.

Mkisafiri kwenda nyumbani, pakiti ziwe kwenye mkoba wa mkononi na ziwe mara mbili ya mnazodhani mtahitaji, kwani masanduku hupotea. Barua iwe ya Kiingereza kwa Tanzania, Kenya na Uganda, na ya Kifaransa kwa Bujumbura, Goma au Lubumbashi. Anzeni kuiomba wiki kadhaa kabla. Huko homa ni lazima apimwe malaria siku ileile, lakini kinywaji kinaanza kabla ya kutoka nyumbani, hakisubiri majibu ya maabara. Sisi tulipokwenda Tanga mwaka jana nilitafuta kwanza hospitali iliyo karibu na kwa mama yenye uwezo wa kumtundikia mtoto dripu usiku, nikaenda na barua kabla hajaugua. Daktari aliisoma yote, akapiga picha ya ukurasa wa dozi, akaniandikia namba yake nyuma ya bahasha. Bahasha hiyo ipo kwenye mkoba wa pakiti hadi leo.