Namna ya kuupa mwili muda wa kuzoea hewa nyepesi ya Rwenzori

Mkazi wa Kampala, aliyezoea kulala mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, anayekusudia kufika Margherita, kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori chenye mita 5,109, ajue kwanza kwamba kule juu oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, kiasi kwamba kila pumzi huingiza oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani.

Seli hulitambua pungufu hilo kwa njia ambayo William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019 kwa kuifafanua. Wakati wote seli hutengeneza protini iitwayo HIF. Oksijeni ikitosha, vimeng'enya huitumia kuitia HIF alama, protini nyingine iitwayo VHL huinasa kwa alama hiyo, na HIF huvunjwa baada ya dakika chache. Oksijeni ikipungua alama haitiwi, hivyo HIF hurundikana, huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi, ikiwemo ya eritropoietini, homoni ambayo figo huitoa ili uboho uongeze chembe nyekundu za damu.

Kazi hiyo ya damu, hata hivyo, huchukua wiki kadhaa, na safari yenyewe ni ya siku saba au nane hivi. Kitakachokufaa zaidi njiani ni kupumua kwa kasi, ambako huanzishwa mara moja na vihisio vilivyo kwenye ateri za shingo, kisha figo hukusaidia kwa kutoa bikaboneti, kemikali ya damu inayopunguza asidi, kwenye mkojo. Ndiyo maana utaamka usiku kwenda haja ndogo. Usipunguze maji kwa kuogopa baridi ya nje.

Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka kibanda cha kulala wapandaji cha Bujuku kupanda hadi kile cha Elena ni karibu mita 580, kwa hiyo mimi ningepatana na kiongozi mapema tulale Bujuku usiku mmoja zaidi, na malipo ya wapagazi ya siku hiyo niyaweke kando kabla ya kuondoka mji wa Kasese. Ujana na mazoezi ya mbio havimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, yaani ule uletwao na hewa nyepesi. Dawa ya asetazolamaidi husaidia, lakini mwone daktari kwanza. Pombe na dawa za usingizi ziache nyumbani.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikakushika, baki hapo hapo ulipo mpaka vitulie. Kila jioni mwambie mwenzako atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, akichanganyikiwa, au akihema ilhali amekaa, mteremsheni mara moja pamoja na kiongozi, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.