Burgundy changa: gawa chupa, nusu jagini, nusu iache

Ushauri wa "mvinyo mchanga umimine upumue" umewafanya watu wamwage chupa nzima jagini kabla hata ya kuonja. Kwa mvinyo mwekundu wa Burgundy, mkoa wa Ufaransa, usifanye hivyo. Zabibu yake ni Pinot Noir, yenye ganda jembamba na ukakasi wa wastani, na raha yake kubwa iko puani. Harufu ikishapotea hairudi. Niliwahi kumimina Volnay, Burgundy ya kijiji cha jina hilo, ya miaka mitatu, saa nne asubuhi, wageni wakafika saa tisa. Tulikunywa maji ya forosadi yaliyolala.

Hatua ya 1. Tafuta chupa ya kiwango cha kijiji, yaani inayobeba jina la kijiji zabibu zilikotoka, yenye miaka miwili hadi mitano tangu mavuno: Gevrey-Chambertin, Pommard au Nuits-Saint-Georges. Hizo zina nguvu ya kukuonyesha tofauti. Grand Cru, daraja la juu kabisa la Burgundy, iache kwanza. Bei yake unaijua, na ikiwa changa mara nyingi imejifunga, harufu haijitokezi. Saa mbili za jagi hazifanyi kazi ya miaka kumi ya stoo.

Hatua ya 2. Ipoze hadi nyuzi 15 hivi.

Hatua ya 3. Zibua, mimina vidole viwili kwenye glasi yenye tumbo pana, kisha nusa kabla hujaitikisa. Hapa usiwe na haraka. Ukikutana na njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa, au yai la kuchemsha, mvinyo haujaharibika: ni salfa inayojitokeza mvinyo ukikosa hewa pipani na chupani. Ukikutana na cheri, rasiberi au waridi, umeshafunguka wenyewe. Ikiwa ni gazeti lililoloa, tatizo ni kizibo na jagi halitakusaidia. Sasa onja. Ukikuchonyota ulimi kama soda, hiyo ni kaboni dayoksaidi iliyobaki tangu mvinyo ulipokuwa ukichachuka. Sikiliza pia ukakasi kwenye fizi, ule wa kung'ata bibo. Andika yote.

Hatua ya 4. Mimina nusu ya chupa jagini, kwa fujo kidogo, ijipige kwenye kioo. Chupa irudishie kizibo.

Hatua ya 5. Onja zote mbili baada ya dakika 15, 30, 60 na 120, kwa glasi zinazofanana. Mwambie mwenzako azipange ukiwa umegeuka. Mimi nimeshakosea mara mbili, na nilikuwa najiamini kweli.

Kwa kawaida ya jagini hupoteza kiberiti na kuchonyota kwanza, halafu tunda linapanda. Utahisi ukakasi umelainika, lakini tanini zenyewe, zile zinazoleta ukakasi, hazibadiliki sana kwa saa moja. Tunda likipanda, ulimi unausamehe ukakasi. Kufika dakika 120, mara nyingi nimeiona ya jagini imeanza kuchoka huku ya chupani ndiyo kwanza inanoga. Kwa hiyo iliyonuka kiberiti naipa jagi nusu saa. Iliyofunguka siigusi.

MASWALI

Mkuu, sina jagi la mvinyo. La juisi linafaa?
Linafaa, mradi ni la kioo na halinuki sabuni. Lisuuze kwa mvinyo kidogo kwanza.

Nikizibua tu na kuiacha saa mbili bila kumimina?
Tazama shingo ya chupa: hewa inagusa eneo dogo kama sarafu. Mimina glasi moja ili mvinyo ushuke hadi mabegani, hapo utapata kitu.

Niko Dar, nyuzi 15 nazipata wapi?
Ndoo ya maji na barafu, kama robo saa. Mimina kidogo kidogo, maana glasi inapata joto upesi.

Samahani mwalimu, si jagi ni la kutenga mashapo?
Ndiyo, kwa chupa za zamani, na huko humiminwa taratibu sana, mwanga ukiwa nyuma ya shingo. Changa huwa na mashapo machache. Ila Burgundy ya miaka ishirini usiimimine kwa fujo niliyosema hapo juu. Isimamishe siku nzima mashapo yatulie, kisha mimina moja kwa moja kwenye glasi.