Jinsi ya kuandika historia ya shule ndogo ya makao ya watoto

Msimamizi wa makao aliniita ofisini wakati wa likizo, akanisogezea kwa mguu boksi lililofungwa kamba. "Mwalimu, jubilei hiyo inakuja. Tuandikie historia ya shule, kurasa kumi tu." Shule yenyewe ni madarasa matatu nyuma ya mabweni. Nilikuwa nimefundisha pale miaka kumi na mmoja, nikaona wiki mbili zinanitosha. Kazi ile ilikula mwaka na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kutojua pa kuanzia. Kama na wewe umesogezewa boksi la aina hiyo, soma kwanza.

Nilianza na mwanzilishi. Kurasa nne nzima: alizaliwa wapi, nani alimchangia, nani alikata utepe. Nilipozisoma kwa sauti nikagundua hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa ameingia darasani. Nikazichana. Mwanzilishi ana picha ukutani, atakusubiri. Wewe anza na daftari la mahudhurio.

Kwa nini shule ilikuwepo?

Swali hili huonekana la kijinga mpaka ujaribu kulijibu. Watoto wa makao wangeweza kwenda shule za jirani. Kwa nini wakajengewa ya kwao ndani ya uzio? Pengine shule za nje ziliwakataa kwa kuwa hawana cheti cha kuzaliwa, au wamepitiliza umri wa darasa la kwanza. Pengine wenye makao walitaka wafundishwe dini yao. Pengine walitakiwa kujifunza kazi za mikono, au kuwekwa mbali na macho ya watu. Kila jibu lina historia yake.

Angalia pia kipi kilitangulia. Huko Halle, Ujerumani, mchungaji August Hermann Francke alifungua shule ya watoto maskini mwaka 1695, na jengo la makao ya yatima likaanza kujengwa 1698. Shule ndiyo iliyozaa makao. Huko Stans, Uswisi, mwanzoni mwa 1799, mwalimu Johann Heinrich Pestalozzi alipokea watoto wapatao 80 walioathiriwa na vita, akawa mlezi na mwalimu wao kwa wakati mmoja. Juni mwaka huohuo jengo likachukuliwa kuwa hospitali ya jeshi, na yote yakaishia hapo. Miezi isiyofika sita, na walimu bado wanaizungumzia, kwa hiyo usione haya kama shule yako ilidumu kidogo. Warsaw, Poland nako, daktari na mwandishi Janusz Korczak aliongoza makao ya Dom Sierot, yaani Nyumba ya Yatima, tangu 1912, na watoto wake walitoka asubuhi kwenda kusoma shule za mjini. Kilichokuwa chao ndani ni mahakama waliyoiendesha wenyewe. Ukijua makao yako yanafanana na lipi kati ya hayo, utajua karatasi za kutafuta.

Boksi

Usilimwage. Mimi nililimwaga mezani, na hadi leo sijui ile barua isiyo na tarehe ilikuwa imebanwa kati ya karatasi gani na gani. Mpangilio uliozikuta nao karatasi ni ushahidi pia, hata ukiuona ni fujo. Toa kimoja kimoja, kipe namba kwa penseli pembeni, andika kwenye daftari lako umekitoa baada ya nini. Pini zilizoota kutu zitoe taratibu. Selotepu iweke mbali kabisa. Baada ya miaka michache inageuka njano na kuondoka na maandishi. Wala usipeleke karatasi kuwekewa plastiki ya moto, haitoki tena. Piga picha kila ukurasa kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi, na majalada matupu pia, maana nyuma ya jalada ndipo walimu huandika mambo yao. Picha ziwe na nakala tatu, moja ikae nje ya jengo.

Utakachokuta mara nyingi ni rejista ya uandikishaji, madaftari ya mahudhurio, muhtasari wa vikao vya bodi, ripoti za mwaka, kitabu cha wageni na leja ya stoo. Ripoti ya mwaka ndiyo iliyopigwa chapa vizuri na ndiyo ya kuaminiwa mwisho. Iliandikwa isomwe na wafadhili. Yetu ya mwaka mmoja ilisema wanafunzi 64. Daftari la mahudhurio la mwaka huo lina majina 41. Hakuna aliyeiba, nadhani. Waliwahesabu na watoto wachanga waliokuwa bado wanabebwa mgongoni. Leja ya stoo, kinyume chake, haina sababu ya kumpendeza mtu: ukiona madaftari 40 na chaki boksi mbili, unajua darasa lilikuwa na ukubwa gani.

Sasa daftari la mahudhurio lenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mwalimu wa zamani aliweka mkwaju mmoja, yaani mstari wa mshazari, asubuhi na mwingine jioni, ukaegemea upande wa pili, hivyo mtoto aliyehudhuria kutwa ana alama kama paa la nyumba. Wiki ikiwa na mapaa mpaka mwisho, shwari. Nilikuta wiki mbili nyeupe na neno moja limeandikwa kwa mshazari: "surua". Nikakuta pia mstari wa 19. Mvulana yule ana mkwaju wa asubuhi kila siku ya muhula, wa jioni hana hata mmoja. Mapaa ya upande mmoja, ukurasa baada ya ukurasa, wino ukibadilika kutoka bluu kwenda mweusi na yeye vilevile. Nikaandika kwenye rasimu: "Utoro wa mchana ulikuwa tatizo." Sentensi safi kabisa, na ya uongo, kama utakavyoona.

Watu

Wote hukimbilia walimu wakuu. Nenda kwanza jikoni. Mpishi, mlinzi, mfua nguo na mama walezi walikuwepo mfululizo wakati walimu wanakuja na kuondoka, na hawajawahi kuulizwa, kwa hiyo hawana hotuba iliyokaririwa. Nilimkuta mpishi wetu wa zamani, bibi wa watu, amekaa kivulini anapembua. Nikamsomea majina ya daftari. Nilipofika wa 19 akaacha mikono.

"Huyo? Huyo alikuwa wangu. Saa nane kila siku ananichotea maji ya jioni. Mapipa sita."

"Na masomo, bibi?"

"Mwanangu, bila maji nani angekula?"

Nilirudi nikaifuta sentensi yangu ya utoro. Baadaye muhtasari mmoja wa bodi ukathibitisha: watoto wakubwa wasome asubuhi, mchana "wasaidie kazi za makao". Karatasi ilisema hivyo miaka yote, ila mimi sikujua naitafuta nini.

Unapomhoji aliyelelewa pale, usianze na "Ulifikaje makaoni?" Hilo ni jeraha, na unalibonyeza kabla hamjanywa hata maji. Muulize alikaa dawati la ngapi, dirisha lilikuwa upande gani, nani alikuwa jirani yake. Mpe karatasi achore darasa. Mama mmoja alinichorea dirisha ukutani ambako mimi nilikuwa nikitundika ramani kwa miaka kumi na mmoja. Tulipobandua ramani, plasta ilikuwa ya rangi nyingine: dirisha liliwahi kuzibwa. Baada ya dirisha, mengine alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Omba ruhusa ya kurekodi kabla, na omba tena ukishaandika, akiwa na maneno yake mkononi. Akisema futa, futa.

Majina, na neno lile

Hapa nilikosea vibaya. Katika rasimu ya kwanza niliweka picha ya darasa na majina ya wote chini yake, na juu nikaandika "Yatima wetu wa kwanza". Nakala ikafika kwa mmoja wao, sasa mtu mzima mwenye wajukuu. Alinipigia simu akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Mwalimu, baba yangu alikuwa hai. Alikuwa mgonjwa. Majirani zangu wa sasa hawajui kama nimepita hapo." Duniani kote watoto wengi walioko kwenye makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai, nilijua hilo vizuri, na bado kalamu ikaandika neno lililozoeleka. Tumia "watoto wa makao", au "waliolelewa hapa".

Jina la mtu na sababu iliyomleta ni vyake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unalinda faragha ya mtoto katika kifungu cha 16 na utambulisho wake katika cha 8, na unapoandika historia unavihitaji vyote viwili: usianike jina, na usilipoteze. Nyumba ya watoto waliotupwa iliyoanzishwa na Thomas Coram huko London mwaka 1739 iliwapa watoto majina mapya walipopokelewa; kilichobaki cha kumuunganisha mtoto na mama yake mara nyingi ni kipande cha kitambaa kilichobandikwa kwenye fomu. Maelfu ya vitambaa hivyo yapo mpaka leo. Kwa hiyo tengeneza orodha mbili. Ya kwanza, yenye majina kamili, namba za rejista na majina yaliyobadilishwa, ifungiwe ofisini, na kila aliyelelewa pale aruhusiwe kuona mstari wake. Ya pili ndiyo inayoingia kitabuni.

Yasiyopendeza

Utasikia habari za viboko, za njaa, na mazito zaidi. Bodi itakuomba uandike "changamoto". Kataa neno hilo. Novemba 2009 serikali ya Australia iliwaomba radhi rasmi watu waliolelewa makaoni na kuteswa humo, na walichodai kwa miaka mingi kilikuwa kwanza kuaminiwa kwamba yalitokea. Andika karatasi inasema nini, watu wanasema nini, na vinapopishana acha vipishane. Ila ukielezwa kosa la jinai, hasa la mtu aliye hai au anayefanya kazi na watoto, hiyo si sura ya kitabu. Weka kalamu chini, msaidie mhusika kufika kwa wenye mamlaka anaowataka yeye.

Kuandika

Hapa sina mengi. Panga miaka kwenye karatasi moja ndefu, kisha uandike bila kuiangalia sana. Kila sura ianze na kitu kinachoshikika: kengele, benchi, dirisha lililozibwa. Mwanzilishi nilimpa ukurasa mmoja na nusu, katika sura ya tatu. Msimamizi alinuna kidogo. Isomwe kwanza na wawili waliosoma pale kabla bodi haijaiona.

Kwa sababu ya ile simu, katika toleo la mwisho nilificha jina la kila mtu. Yule wa mapipa sita nilimwita "mvulana wa mstari wa 19". Siku ya jubilei mzee mmoja akaja na kitabu amekikunja kwenye ukurasa huo, akauliza ni nani aliyeandika. Nikajitokeza, moyo unanidunda. "Mbona umenificha?" akasema. Akaomba kalamu, akakata ile namba, akaandika jina lake juu yake, majina matatu yote, taratibu. Kisha akaniuliza kama naweza kumpatia nakala zaidi, na kama zile nyingine ataziandika mwenyewe au nitarekebisha mimi.