Matobolwa na nsansa: kukausha chakula cha kiangazi Tabora

Mvua za Tabora hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kwa kawaida hazirudi hadi Novemba. Mwenye kisima bondeni atapata mchicha. Mwenye shamba la juu, la kichanga, atakula alichokausha. Kausha Juni na Julai, anga likiwa safi. Anayengoja Oktoba hukutwa na mawingu.

Anza na viazi vitamu. Vikikatwa vibichi vikaanikwa ni michembe. Vikichemshwa kwanza ni matobolwa, ambayo ndiyo yenye kazi, na kwa maoni yetu ndiyo matamu zaidi.

Chimba viazi vilivyokomaa, vitandaze kivulini siku tatu hadi tano vinyauke na kuongeza utamu. Tupa vyote vilivyotobolewa na fukusi. Kukata upande mbovu hakusaidii, maana uchungu hupita mbali ya tundu na moto hauuondoi. Chemsha na maganda kwa maji kidogo, umefunika vizuri, dakika 30 hadi 40. Epua kijiti kinapopenya kwa kusukumwa kidogo. Vikirojeka vitamomonyoka kwenye kisu. Menya vingali vuguvugu, kata vipande vya unene wa sentimita moja. Vikizidi hapo, nje hukakamaa na ndani hubaki unyevu, na ukungu huanzia humo humo.

Anika kwenye kichanja au jabali lililofagiliwa, bila kurundika. Geuza kila mchana, ingiza ndani jioni kabla ya umande. Siku nne hadi sita hutosha. Vunja kipande kinene kuliko vyote: kikipinda, rudisha juani, kikikatika kwa mlio, kimekauka. Kilo nne za viazi hubaki kama kilo moja.

Usifunge gunia vipande vikiwa na joto la jua, vitatoa jasho. Viache vipoe, kisha tia kwenye debe lenye mfuniko unaobana. Adui hapa ni dumuzi, anayejulikana Tabora tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: hatafuni mahindi tu, bali pia mihogo na viazi vikavu. Fungua kila mwezi. Ukiona unga chini, anika upya, chekecha, na ule vipande hivyo kwanza.

Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ni rahisi zaidi. Chuma majani machanga ya kunde kuanzia wiki ya nne baada ya kupanda, machache kwa kila shina, na uache maua yakianza, la sivyo utakosa kunde zenyewe. Osha mara tatu, kwani mchanga wetu haukubali maji ya mara moja. Chemsha dakika tano, chuja, tandaza kivulini penye upepo. Jua kali hupausha majani na kupunguza vitamini A.

Uyoga wa masika nao hukaushwa vivyo hivyo, ila chukua ule tu ambao wazee wa kijiji wanaula kila mwaka. Sumu ya baadhi ya uyoga haifi kwa kuchemsha, na dalili zinaweza kuchelewa saa sita au zaidi.

Kupika nsansa: loweka konzi mbili kwa maji ya moto nusu saa, mwaga maji, chemsha hadi zilainike, kisha tia kikombe cha karanga zilizosagwa na ukoroge kwa moto mdogo dakika 15. Chumvi mwishoni.