Kibali cha betri chakavu: jinsi ya kuomba ukiwa Mtwara

Ukiwa na gereji Chikongola au duka la sola Mikindani, betri zilizokufa hujazana nyuma ya mlango bila kuhesabu. Wengi humpa kijana wa guta la skrepa, wakapata hela ya sabuni, yakaisha. Kisheria hizo ni taka hatarishi, maana ndani mna tindikali na risasi (ya metali, si ya bunduki), na mwilini mwa mtoto risasi haina kiwango salama.

Kama betri ni za wateja wako tu, njia nyepesi ni kumkabidhi mwenye kibali cha NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Dai nakala ya kibali chake, angalia tarehe ya kuisha, akuachie risiti yenye idadi na kilo. Kama unanunua na kukusanya za wenzako, mwombaji ni wewe.

Usianze na fomu. Anza na mwisho wa safari: mzigo unaishia wapi? Tafuta kwanza mkataba au barua ya kiwanda chenye kibali cha kuyeyusha betri. Kikiwa Dar es Salaam, hesabu zaidi ya kilomita 500 za barabara, hivyo gari nalo liingie kwenye mpango. Bila karatasi hiyo, nyingine zote ni mapambo.

Kisha kusanya leseni ya biashara, TIN, kadi ya gari na maelezo ya taka. Hapo mimi nilichemka: niliandika "betri mbalimbali", ombi likarudi. Nikaazima mizani ya korosho, nikapima moja moja, nikaandika aina na kilo.

Maombi hutumwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa NEMC. Ukikwama, ofisi ya Kanda ya Kusini ipo hapahapa Mtwara. Lipa kwa kontroo namba tu. Anayetaka umpe mkononi, mwage.

Usingoje wakaguzi ndipo uanze kupanga stoo. Sakafu iwe ya saruji isiyo na ufa, paa lisivuje, betri zisimame wima juu ya trei za plastiki, vichwa vyake visigusane na chuma. Weka ndoo ya chokaa karibu kwa ajili ya maji ya betri yakimwagika, na glavu za mpira. Kamwe usimwage yale maji ili kupunguza uzito. Kwenye mawe yetu ya matumbawe yatachemka povu, yatulie, udhani yamekwisha nguvu. Tindikali ndiyo imepoa. Risasi imebaki mchangani, na kisima cha jirani kiko hatua chache.

Siku ya kupakia, andika hati ya mzigo nakala tatu: yako, ya dereva, ya kiwanda. Kiwanda kikipokea, kisaini na kurudisha moja. Ifuatilie hiyo kwa simu mpaka ifike, uiweke faili moja na kibali.