Somo: Msamaha wa mkopo wa masomo kwa daktari aliye kwenye rezidensi Marekani

Wapo madaktari wanaomaliza rezidensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) ya upasuaji, miaka mitano ya kukesha wodini, kisha wanaambiwa hawana hata mwezi mmoja uliohesabiwa kwenye PSLF, mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kuwafutia mkopo wa masomo wanaofanya kazi ya umma. Hospitali ilistahili na kazi ilistahili, ila marejesho yalikuwa yamesimamishwa muda wote. Miezi 60 kati ya 120 imekwenda hivyo hivyo. Inaniuma kila ninapoisikia habari hiyo, kwa sababu kuizuia ni kazi ya siku chache tu.

PSLF ilianzishwa kwa sheria ya 2007. Fanya kazi angalau saa 30 kwa wiki serikalini au kwenye taasisi isiyotafuta faida yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani iliyosamehewa kodi, kamilisha marejesho 120 yanayokubalika, na salio lote linafutwa bila kodi ya mapato ya serikali kuu. Si lazima marejesho yafuatane.

Hatua ya 1: Jua anayekulipa ni nani. Jina lililoshonwa kwenye koti halitoshi. Chukua W-2 yako (fomu ya mshahara na kodi ya kila mwaka), soma EIN, namba ya kodi ya mwajiri, uiingize kwenye ukurasa wa kutafuta waajiri wa StudentAid.gov, tovuti ya serikali ya mikopo ya masomo. Mayo Clinic na Cleveland Clinic hazitafuti faida. HCA Healthcare ni kampuni ya biashara, kwa hiyo anayelipwa na hospitali yake hahesabiwi, hata kama wagonjwa wake wote ni maskini. Hospitali za maveterani ni za serikali, nazo zinakubalika.

Hatua ya 2: Kagua aina ya mkopo. Unaokubalika ni Direct Loan peke yake, yaani mkopo unaotolewa na serikali kuu moja kwa moja. Wenye FFEL au Perkins, mikopo ya serikali ya aina za zamani, lazima kwanza waiunganishe iwe Direct. Mkopo wa benki binafsi haumo. Na tafadhali, usikubali kuuhamishia mkopo wa serikali benki kwa kuvutiwa na riba ndogo: ukishatoka, hakuna kurudi.

Hatua ya 3: Anza kulipa mapema. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Baada ya kuhitimu unapewa miezi sita ya kupumua, na miezi hiyo haihesabiwi. Ukiunganisha mikopo mara tu unapohitimu, unaweza kuifupisha. Kisha chagua mpango unaofuata kipato. Kwenye IBR, mmoja wa mipango hiyo, kiwango hupangwa kwa ritani yako ya kodi ya karibuni. Kama mwaka huo ulikuwa mwanafunzi usiye na mshahara, unaweza kupangiwa dola 0 kwa mwezi, na mwezi wa dola 0 unahesabika sawa na mwezi wa dola 400.

Halafu atatokea mtu, pengine hata kwenye kampuni inayokusanya mkopo, akushauri usimamishe malipo mpaka upate mshahara wa bingwa. Sheria inakuruhusu kusimamisha ukiwa rezidensi. Kataa. Mwezi hauhesabiwi na riba inaendelea kujilimbikiza.

Angalia pia tarehe. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaleta RAP, mpango mpya wa kulipa kufuata kipato, kuanzia Julai 1, 2026. Malipo yake yanahesabika PSLF, ila kiwango cha chini ni dola 10. Mkopo uliochukuliwa au kuunganishwa kuanzia siku hiyo hauingii IBR.

Hatua ya 4: Peleka fomu ya PSLF ya kuthibitisha mwajiri kila mwaka, na kila unapohama kazi. Anayeisaini ni ofisi ya rasilimali watu. Tunza nakala.

Maswali ya wanachama

*Mume wangu ana mshahara mkubwa. Utaongeza malipo yangu?*
Mkijaza ritani ya pamoja, ndiyo, dada. Mkijaza kila mtu yake, IBR inaangalia kipato chako tu, lakini mtapoteza baadhi ya nafuu za kodi. Pigeni hesabu zote mbili kabla ya Aprili.

*Nina deni la HELB Kenya, na mwenzangu ana la HESLB Tanzania. Yanaingia?*
Hayaingii. PSLF inafuta mkopo wa serikali kuu ya Marekani tu. Yale endeleeni kuyalipa nyumbani.

*Nimepata kazi Texas. Hospitali haitafuti faida, lakini mshahara unatoka kwa kikundi cha madaktari.*
Texas na California sheria za majimbo zinazuia hospitali nyingi kuajiri madaktari moja kwa moja, ndiyo maana tangu Julai 2023 daktari wa namna hiyo anaweza kuhesabiwa, na hospitali ndiyo inayosaini fomu. Mahali pengine, kikundi kikiwa cha biashara, hupati kitu. Uliza EIN kabla ya kusaini mkataba.

*Daktari, mimi nasomea magonjwa ya ndani, miaka mitatu tu. Kuna maana?*
Ipo kubwa. Hiyo ni miezi 36. Ukiongeza ubobezi wa moyo, miaka mitatu mingine, unafika 72, yote kwa malipo ya mshahara wa mwanafunzi. Zinabaki 48 za mshahara wa bingwa. Ambaye hakulipa wakati wa mafunzo anaanza 120 zote kwa mshahara huo mkubwa, na kila rejesho lake litakuwa kubwa vilevile.