Ndege imechelewa Ulaya? Hivi ndo unavyodai fidia yako

Wakuu, ukicheleweshwa na ndege Ulaya usikubali kuishia na samahani na kikombe cha chai. Kuna Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inakupa hela kabisa, na kinachoamua ni umbali wa safari na saa uliyofika.

Kwanza hakikisha inakuhusu. Ukiondokea uwanja wowote wa ndani ya Umoja inakuhusu hata kama shirika ni la nje, ila ukitokea nje kuingia ndani lazima shirika lenyewe liwe la Ulaya.

Halafu pima umbali. Mpaka kilomita 1,500 ni yuro 250, kutoka hapo mpaka 3,500 ni 400 (safari ya ndani ya Umoja haivuki 400 hata iwe ndefu vipi), ikizidi ni 600. Hapa watu wengi wanakosea, wanajumlisha vipande vya safari wakati kinachopimwa ni mstari mnyoofu toka uwanja wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka 2017 mahakama ya Umoja iliamua kesi ya abiria wa Roma kwenda Hamburg kupitia Brussels, ukijumlisha vipande unapata kilomita 1,656 ila moja kwa moja ni 1,326, kwa hiyo haki yao ikawa 250 na sio 400.

Sasa muda, na hapa naomba muwe makini sana. Lazima ufike umechelewa masaa matatu au zaidi, na kufika maana yake mlango wa ndege umefunguliwa. Kuna ndege ya Salzburg kwenda Köln/Bonn ilitakiwa kufika saa 8:40 mchana, matairi yakagusa lami saa 11:38 jioni, yani zimebaki dakika mbili tu kutimia masaa matatu, ikaja kupaki saa 11:43 na mlango ukafunguliwa baada ya hapo. Mahakama mwaka 2014 ikasema kinachohesabika ni mlango. Kwa hiyo mlango ukifunguka tu toa simu upige picha inayoonyesha saa, usisubiri mpaka ufike kwenye mabegi.

Baada ya hapo ingia tovuti ya shirika lililorusha ndege, jaza fomu ya madai, weka namba ya bukingi, boding pasi, ile picha na akaunti ya benki, na uandike wazi kwamba unataka pesa na sio vocha. Wakikujibu "hitilafu ya kiufundi" usikate tamaa, ubovu wa kawaida wa ndege hauwaondolei deni, ila hali mbaya ya hewa kweli inawaokoa.

Ikipita miezi miwili kimya, au wamekataa bila sababu ya maana, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia haki za abiria ya nchi tatizo lilipotokea, ukiambatanisha majibu yao. Muda wa kwenda mahakamani unategemea nchi, Ujerumani kwa mfano ni miaka mitatu, kwa hiyo hata safari ya mwaka jana bado inadaika.